Siku Nilipoita Helikopta

Orrin aliipiga ile chapa kichwa chini.

Ndama alikuwa amelazwa ubavu, jirani yetu Dwight kamkalia shingoni, na moshi wa manyoya yaliyoungua ulikuwa umetuingia puani tangu alfajiri. Chapa yetu ni herufi T yenye mstari chini yake. Mume wangu alikuwa akiibandika kwenye nyonga za ndama tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, na ungeweza kumfunga kitambaa machoni asikosee. Asubuhi ile ya Mei aliinua chuma, tukaona mstari uko juu na T inaning'inia chini yake kama popo.

Watu wakaangua kicheko. Walikuwa majirani ishirini na wawili, karibu wote tulionao kwa mwendo wa maili arobaini kila upande. Huku kwetu mashariki ya Montana kupiga chapa ni kazi ya kusaidiana: leo wanakuja kwako, kesho unakwenda kwao, na malipo ni chakula cha mchana.

"Mzee, umeanza kunywa saa ngapi?" Dwight akauliza.

"Huyo sasa ndama wa nani?" mwingine akadakia. "Kama hana mwenyewe, mimi namchukua!"

Orrin alicheka nao. Mimi nilisimama hatua sita kutoka kwake, sindano ya chanjo mkononi, na sikucheka. Niliona ameshika mpini wa chuma kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto alikuwa ameuchomeka ndani ya mkanda wa suruali, na vidole vimekunjamana. Uso ulikuwa na rangi ya majivu. Nikajua, na kujua kwangu kukanitia hasira kabla hakujanitia hofu, kwa sababu nilijua pia atakachosema.

Mwezi wa Februari mwaka uleule alikuwa ameamka na maumivu ya kifua, nikamwendesha maili sitini hadi hospitali ndogo ya wilaya, katika theluji, moyo wangu ukinienda mbio kuliko gari. Chumba cha dharura kilikuwa na vitanda viwili, muuguzi mmoja na daktari wa zamu aliyekuja kila wiki kutoka mbali. Walimpima damu, wakampiga picha, wakamfunga nyaya kifuani. Saa tatu baadaye daktari alikuja akiuma mdomo asicheke. Akamwuliza Orrin jana yake alikula nini. Mume wangu alikuwa ameshindana na Dwight pale baa kula mayai ya siki, na alikuwa ameshinda: mayai kumi na manne. Ilikuwa gesi.

Tulicheka njia nzima ya kurudi. Kisha barua zikaanza kuja. Ya kwanza ya hospitali, ya pili ya daktari, ya tatu ya maabara, na ya nne ya mtu aliyeisoma picha ya kifua, naye yuko Arizona, hata theluji yetu haijui. Bima yetu ilikuwa ya bei rahisi, ile ya kumfaa mtu aliyekatwa mguu, na kabla hujafika huko unajilipia mwenyewe. Jumla ikawa dola elfu sita na kitu. Bei ya ndama tisa iliondoka hivihivi.

Majirani hawakumwacha. "Piga mbweu, Orrin, lakini taratibu bwana, utatufilisi!" Alivumilia, kwa kuwa ni mtu wa utani, lakini niliona lile jambo limemwingia. Jioni moja ya Aprili alizisukuma zile barua kando ya meza, akaninyooshea mkono.

"Tupeane mkono, Marlys. Nikiumwa tena, sitaki hospitali mpaka mfupa uwe umetokeza nje. Na helikopta ya wagonjwa sitaki, hata mfupa ukitokeza."

"Mimi je, nikiumwa?"

"Wewe tutaangalia."

"Hapana. Kama ni mkono, ni wa wote wawili."

Tukapeana. Bei ya helikopta kila mtu huku alikuwa akiijua. Hawakuitaja kwa dola, waliitaja kwa ardhi iliyouzwa kuilipia: fulani aliruka na Kisima cha Juu, fulani aliruka na shamba la ngano la mama yake. Sisi kipande cha kuuzika tulikuwa nacho kimoja tu. Eka mia tatu na ishirini upande wa kaskazini, alizozifungua bibi yake Orrin, Gudrun, mjane wa miaka ishirini na sita, kwa jembe na farasi wa kuazima. Mpaka leo tunapaita Kwa Gudrun. Kijito chake hakikukauka hata mwaka wa themanini na nane, vijito vyote vilipogeuka vumbi. Kando yake kuna plamu za mwituni, na majira ya kuchipua zinachanua hadi ng'ombe wanatoka kichakani na maua migongoni. Orrin hakuwa mtu wa dini sana, lakini Kwa Gudrun alikuwa akivua kofia.

Nisieleweke vibaya juu ya ule mkono. Huku watu wanauziana ng'ombe mia mbili kwa kushikana mkono tu, na karatasi ni ya watu wa mjini. Mtu aliyewahi kuuvunja mkono anasemwa hadi wajukuu zake. Ahadi ni deni, na sisi tulilelewa kulilipa.

Basi niliweka sindano chini, nikamwendea. "Unaumwa."

"Nimepigwa teke na ndama. Mbavu."

"Ndama gani? Nimekuwa nakuangalia."

"Basi hujaangalia vizuri." Akakaa chini, juu ya matope, mtu ambaye sijawahi kumwona akikaa wakati wa kazi.

Bernadine alikwisha kufika. Ni mpishi wa shule, na pia ndiye mkuu wa kikosi cha gari la wagonjwa la wilaya, kazi wanayoifanya bure, kwa zamu. Alijifuta mikono kwenye aproni, akampima mapigo ya moyo kwa vidole viwili, akamtazama kucha, akamtazama midomo. Akatoa aspirini mfukoni. "Tafuna. Usimeze, tafuna."

"Bernadine," nikasema, "gari la wagonjwa liko wapi?"

Alinitazama kwa namna ambayo siisahau. Kisha akageuza macho uwanjani, na mimi nikayafuata. Dwight ndiye dereva wa lile gari. Clem, aliyekuwa ameshika kamba juu ya farasi, ndiye msaidizi. Bernadine ndiye huyu hapa. Kikosi kizima kilikuwa zizini kwangu, kimejaa damu ya ndama hadi viwikoni, na gari lenyewe limefungiwa mjini, maili arobaini, halina mtu. Niliwaalika mimi mwenyewe kwa simu, mmoja baada ya mwingine, na hata siku moja haikunijia kwamba ninawaita wote siku moja.

"Kwa pikapu tutafika?" nikauliza.

"Mvua ya jana imeigeuza barabara uji. Saa mbili, pengine zaidi. Na tukifika watamtia kwenye helikopta vilevile." Akanivuta kando, lakini sauti yake haikujua kunong'ona. "Marlys, sikiliza dada yangu. Yale ya Februari yalikuwa mayai. Huu ni moyo. Huyu saa mbili hana."

Orrin alisikia. Alinyanyua kichwa. "Hakuna helikopta."

"Orrin, nyamaza," Bernadine akasema.

"Sisemi na wewe. Nasema na mke wangu." Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nyusi, na pumzi ilikuja vipandevipande. "Tulipeana mkono."

Jiko la gesi la kuchomea vyuma lilikuwa likivuma peke yake. Hakuna aliyesema neno, maana mkono ni mkono, na wote walijua helikopta itaruka na nini. Nilimpenda mno yule mwanamume kwa miaka thelathini na moja, na sijawahi kumwonea uchungu kama dakika ile, amekaa matopeni, anaitetea ardhi ya bibi yake dhidi yangu.

"Basi niite mwongo," nikamwambia. "Bernadine, nenda ndani kapige simu."

"Marlys."

"Utanisema ukipona."

Akafumba macho. Sikujua kama ni maumivu au ni mimi.

Helikopta ilitua kwenye shamba la majani, ng'ombe wakavunja uzio wa mashariki kwa hofu. Wale vijana waliovaa kofia ngumu walikuwa wapole sana, waliniita mama, wakaniambia nafasi yangu haipo. Nilimfunga Orrin kifungo cha juu cha shati, sijui kwa nini, kana kwamba anakwenda harusini. Hakunitazama. Ikaruka, mara ikawa nukta, mara ikawa si kitu, na mimi nilikuwa bado nina maili mia na sabini za kuendesha hadi mji mkubwa.

Niliendesha peke yangu. Bernadine alitaka kuja, nikamkataza, kuna ndama tisini walikuwa bado. Nilitaka kuomba nikashindwa. Nilijikuta napiga hesabu badala yake, eka kwa dola, dola kwa eka, nikajichukia, nikaendelea kupiga. Mikono ilinuka manyoya ya kuungua. Mbele ya hospitali nilikaa ndani ya gari dakika tano nzima, maana nikiwa ndani ya gari alikuwa bado hajafa.

Hakufa. Mshipa mmoja ulikuwa umeziba kabisa, daktari alisema, na mwingine unafuata. Dakika thelathini zaidi, alisema, halafu hakumaliza. Orrin alikuwa kitandani, mirija puani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nilipomshika mguu kupitia shuka alifumbua macho.

"Kiasi gani?"

"Sijui."

"Unajua."

Akageukia ukuta.

Niliporudi nyumbani baada ya siku nne kuchukua nguo zake, nilikuta ndama wote wamepigwa chapa, uzio umetengenezwa, na masufuria yangu yameoshwa na kufunikwa kitambaa. Juni watu walifanya mnada wa pai kwenye ukumbi wa mtaa, ile desturi yetu ya mtu kununua pai kisha kuirudisha iuzwe tena. Pai yangu ya rubabu, yale mashina machachu ya bustanini, ilinunuliwa mara tisa, na hakuna aliyeionja. Zilipatikana dola elfu saba, na mimi nililia mbele ya watu bila haya. Orrin alikaa nje ndani ya pikapu. Alishukuru kila mtu kwa mkono, kupitia dirishani, lakini hakushuka.

Barua ya helikopta ilikuja peke yake, bahasha nyembamba. Dola elfu hamsini na moja na mia nne. Nikaitia mfukoni mwa aproni, nikatembea nayo siku mbili. Alipoiona hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ningekufa," alisema, "na shamba lingebaki zima."

"Na mimi ningebaki na nani?"

"Na shamba."

"Shamba!" Nilikuwa nimeshika birika, nikalibwaga juu ya jiko. "Shamba litaamka lininung'unikie kahawa nyepesi? Shamba litanikanyaga miguu kwenye dansi? Mimi sikuolewa na Gudrun, Orrin. Kama ulitaka kufa ungekufa kabla hujanizoesha."

Alitoka nje, akakaa zizini hadi chakula kikapoa. Lakini tangu siku ile alianza kumeza vidonge vyake bila kukumbushwa.

Septemba tuliuza Kwa Gudrun kwa daktari wa meno kutoka Minneapolis, mtu mwungwana, aliyetaka mahali pa kuwinda paa. Orrin alitia sahihi, akakunja miwani, akauliza kama kuna mtu anajua bei ya nyasi kavu mwaka huu. Sisi hatukulizungumzia tena jambo hilo. Majira ya baridi yalipita, na mengine. Alikuwa mwema kwangu, kama alivyokuwa siku zote, ila kuna chumba ndani yake alichokuwa amekifunga, na mimi nilipita mlangoni kwake kila siku bila kubisha. Nilikwisha amua kwamba hiyo ndiyo bei yangu mimi, na kwamba naiweza. Nilimtazama akivaa viatu asubuhi, nikajiambia, naiweza.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Mei, tulikuwa tunakwenda kununua chumvi ya ng'ombe. Njia ya kawaida ilikuwa imekatwa na maji, ikabidi tupitie kaskazini, ambako hatukuwa tumepita tangu mauzo. Yule daktari wa meno alikuwa ameweka geti la chuma lenye kufuli. Orrin akapunguza mwendo, kisha akasimama, akazima injini. Plamu zilikuwa zimechanua zote kwa pamoja, nyeupe tupu kufuata kijito, na upepo ulituletea harufu yake hadi ndani ya gari. Maji yalikuwa yanasikika. Niliutazama mkono wake juu ya usukani, nikasubiri zile lawama ambazo nilikuwa nimezisubiri miaka mitatu.

Alitazama muda mrefu. Hakuvua kofia.

"Unajua," akasema, "kile kipande kilikuwa kibaya kweli."

Niligeuka kumtazama usoni.

"Mawe matupu. Maji yenyewe ya chumvichumvi. Mimi sikutaka tu kukwambia, lakini nilishangaa mtu mwenye akili zake kukitolea pesa." Sauti ilimkwama kidogo, akakohoa, akaendelea. "Tulimpiga yule bwana kwenye bei."

Nilizitazama zile plamu nyeupe.

"Kibaya kabisa," nikamjibu. "Sijui bibi yako aliona nini pale."

Akacheka, akawasha gari, tukaenda kununua chumvi.