Sehemu ya Tatu Imeahirishwa Tena

Waongo. Naanza hivyo hivyo, maana wanaoanza kwa upole tumeshawasikia. Kampuni iliyotengeneza ile filamu ya malkia aliyefukuzwa imetupiga danadana karibu miaka miwili, na mimi, ambaye mtaani naitwa Sinema, nimechoka kuitetea mbele ya shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea. Ni fundi cherehani, na kwenye filamu yeye hutazama nguo. Watu wakichinjana kwenye skrini mimi nashika kichwa, yeye ananipiga kiwiko: "Umeona lile bega lilivyokaa? Aliyeshona pale ana mkono." Sehemu ya kwanza na ya pili tulizitazama pamoja. Ya pili iliishia malkia akiagiza ashonewe koti la kurudi nalo kwenye kiti chake. Koti lenyewe hatukuonyeshwa.

"Mimi nataka koti tu," Shangazi akasema. "Malkia mwenyewe shauri yake."

Kisha daktari akatuambia kwamba presha ya macho ilikuwa imeshamla Shangazi jicho la kushoto, na la kulia lingehimili mwaka, labda na kidogo, hata kwa dawa. Sehemu ya tatu ilikuwa imetangazwa kutoka baada ya miezi minane. Nilipiga hesabu pale pale kwenye benchi la hospitali, nikaona tunawahi.

Miezi minane ikafika, wakasema hadithi inaandikwa upya. Mtu anaandika upya filamu aliyokwisha kuitangaza! Wakaweka tarehe nyingine, wakaifuta, eti mwongozaji hapatani na wenye mali. Wakaweka ya tatu, nayo wakaifuta bila hata kutoa sababu. Kwenye ukurasa wao mashabiki wenzangu wakaandika kwamba mvumilivu hula mbivu. Niliwatukana wote, mmoja mmoja, kwa zamu.

Miezi miwili iliyopita jicho la kulia nalo likazima. Sasa Shangazi anajua tu kama dirisha liko wazi au limefungwa.

Na jana, saa nne asubuhi, nikiwa dukani kwangu napiga picha ya pasipoti, nikasoma kwenye simu kwamba filamu haitoki. Imekamilika, ina muziki na kila kitu, lakini wameamua kuifungia stoo kwa sababu za kibiashara. Mteja akaniuliza kama tayari. Nilimpiga picha akiwa amefumba macho, nikafunga duka, nikaenda kwa Shangazi.

Alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, anafumua pindo la sketi kwa kupapasa. Nikamweleza. Nikamwambia pia kwamba nimeanza kuwaandikia barua na nataka aisikie.

"Soma."

Nikasoma kwa sauti kubwa mpaka jirani akazima redio. Nimewaita wezi. Nimeandika: "Mmemnyima shangazi yangu kitu alichokisubiri mpaka macho yakamwishia." Nilijisikia vizuri hapo, nisiseme uongo.

Shangazi akaacha kufumua. "Na kile kionjo cha kuitangaza filamu? Zile dakika mbili?"

"Wamekiondoa leo hii hii."

"Kilikuwepo muda gani?"

"Mwaka na miezi minne."

"Na jicho langu limezima lini?"

Mashabiki wa kweli tuna sheria: kionjo hakitazamwi. Ukikitazama umeiharibu filamu, unaingia ukumbini huku tayari unajua. Mimi kikionyeshwa huziba masikio na kufumba macho. Wateja wa Shangazi walikuwa wamemwambia kwamba koti limo ndani ya kionjo, tena kwa karibu, mpaka mishono inahesabika. Akaniomba. Nikamwambia, "Subiri, Shangazi, usijiharibie utamu." Siku moja mteja wake alikifungua kionjo kwenye simu akampa, nami nikaichukua mkononi mwake nikicheka.

"Nilikuomba mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Nne. Mara ya nne nilikwambia hili jicho linakwenda, ukaniambia mwezi ujao tu." Sauti yake ilikuwa imepanda, na katika miaka yote aliyonilea sijapata kumsikia hivyo, hata nilipochoma pazia la sebuleni. "Hao uliowaandikia hawanijui. Hawajui kama nipo. Wewe unanijua."

"Shangazi, mimi nilitaka..."

"Ulitaka ulichotaka wewe! Barua peleka, ni waongo kweli. Lakini ule mstari wa kuninyima, ufute." Akanisukumia sindano na kibunda cha uzi. "Nitungie uzi, halafu uondoke."

Hasira yangu ilikuwa bado imenijaa kifuani, ila sasa sikuwa na mtu wa mbali wa kumtupia. Uzi ulinikataa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shangazi alikuwa amenyoosha mkono, anasubiri.