Mkwe Aliyelewa Shimoni

Mzee Yonasi wa Itaka alikuwa na hasira za karibu, na wiki ile zilikuwa karibu zaidi, maana mwanawe Kefa alikuwa bado ndani ya maji. Maji yalikuwa yamevunja ukuta wa mgodi wa dhahabu kule Galula, yakajaza shimo lote, Kefa akiwa chini. Mzee aliapa kwamba harudi kwenye shamba lake la kahawa mpaka apate mwili wa kuzika. Kaburi lilikuwa tayari, na mama Kefa alikuwa hali chakula.

Wa kuzamia alikuwa Andongwisye, mume wa binti yake Tabita. Kazi hiyo alijifunza bandarini Mombasa wakati wa vita: kofia ya shaba, viatu vizito vya risasi, mpira wa hewa, na waya wa simu wa kuongea na walio juu. Safari hii kulikuwa pia na chupa za gesi ya heliamu iliyochanganywa na oksijeni, zilizoletwa kwa lori kupitia Tunduma. Akiwa ameinamisha macho kama mkwe anavyotakiwa, alimweleza mzee kwamba hewa ya kawaida, ukienda nayo chini sana, inalewesha kuliko pombe ya kimpumu, na mlevi wa huko hajijui. Heliamu haileweshi, ila inaifanya sauti kuwa nyembamba. Tena chupa zile zilitosha kuzama mara moja tu.

Ubishi ukaanza hapo. Mzee alitaka heliamu itumike leo leo. Andongwisye aliomba kwanza ashuke kwa hewa mpaka ngazi ya pili ya mgodi, aone kama njia iko wazi, kisha kesho ashuke kwa heliamu hadi chini kabisa alikolala Kefa. Lilikuwa wazo zuri, na mzee akalikubali shingo upande. Ubaya wake ni kwamba anayetakiwa kujua pa kusimama ndiye huyohuyo anayelewa.

Simu aliishika mzee mwenyewe, na nani angemkatalia? Mwanzoni alijibiwa vizuri: ndiyo, baba, nimefika ngazi ya kwanza, baba. Halafu kimya. Kamba aliyofungwa, aliyokuwa akiivuta mwenyewe, ikazidi kushuka, ikapita kitambaa chekundu walichokifunga kuwa alama ya ngazi ya pili. Lwitiko, mshika winchi, akauliza kulikoni. Mzee naye akauliza simuni, akajibiwa kwa kicheko.

"Yonasi! We Yonasi, mbona unahema kama beberu?"

Jamani! Kwao mkwe hamtaji baba wa mkewe kwa jina hata ndotoni. Mzee alikibwaga chombo cha simu juu ya mawe, akageuka, akaanza kufoka kwamba binti yake ameolewa na mhuni. Alifoka hivyo huku kamba ikishuka, na Lwitiko akimtazama bila kujua la kufanya.

Ghafla akajiuliza. Mhuni gani? Andongwisye, anayezunguka nyuma ya nyumba ili asimkute baba mkwe akila? Mzee aliingiwa na hofu, akaiokota simu.

"Nimempata Kefa," sauti ilisema kwa furaha. "Nimemshika mkono. Anasema nivue kofia, tukae."

Mzee alitamani kuamini. Alitamani mno, kwa sababu akimvuta mkwewe sasa, huenda akamfanya amwachie mwanawe. Alifumba macho.

"Mvute," alimwambia Lwitiko. "Huyu siye mkwe wangu. Ni hewa inasema."

Walimvuta, wakimsimamisha njiani mara kwa mara ili mwili uzoee mgandamizo kupungua. Alipotoka, alikuwa bado amekumbatia kipande cha gogo la kuegemeza ukuta. Alilitazama gogo, akamtazama mzee, akajifunika uso. Mzee hakulitaja lile la kuitwa kwa jina. Alisema tu kwamba kesho ni heliamu.

Kesho yake kamba ilipita kitambaa chekundu, ikaenda, ikaenda. Mzee aliibana simu sikioni. Kisha ikaja sauti nyembamba ya kifaranga, ya kuchekesha kabisa, ila ilisema polepole.

"Baba, nisamehe kwa yale ya jana. Nimempata."

Mzee Yonasi hakuuliza mara ya pili. Alimwambia Lwitiko avute taratibu, akakaa chini palepale na simu mapajani, akamlilia mwanawe.