Firigisi ya Romana

Kwetu Magamba jogoo akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Hata jogoo wa mzazi. Desturi hiyo imenikera tangu utoto: anayejifungua mwingine, anayetafuna mwingine. Kwa hiyo wifi yangu Romana aliporudi kutoka zahanati na binti yake wa kwanza, nilipika supu, nikaizamisha firigisi kwenye bakuli lake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kaka yangu Melkior aliona, wala hakulalamika. Akaenda zake kutazama mahindi.

Shida ilikuwa maziwa. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia. Nesi alishasema mama ale, anywe, mtoto awekwe titini mara kwa mara, yatakuja. Romana hakuamini.

"Wifi, mwili huu haujawahi kuwa na kitu," aliniambia. "Utatoa nini?"

Alikitazama kifua chake kama mtu anayechungulia kihenge kitupu. Moyo uliniuma, lakini mimi nikiumia huwa nagomba. Nikamwambia amalize supu, maji ya kumkanda yanachemka.

Nilipotandika kitanda, chini ya mto nikakuta kifurushi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na matonge makavu ya ugali, kiazi, na firigisi yangu, bado ina joto. Hasira zikanipanda.

"Jogoo mzima tumekuchinjia, halafu wewe unafuga panya humu?"

Alivuta kanga hadi shingoni. Hapo nikakumbuka kwamba tangu arudi alikuwa akijifungia na kujikanda mwenyewe, jambo ambalo mzazi hafanyi. Nikabeba ndoo hadi bafu la uani, nikamkalisha kwenye kigoda na kumwambia leo hatuna mjadala. Alikaa muda mrefu kabla ya kuiachia kanga.

Mgongoni, chini ya bega, kulikuwa na kovu pana la mviringo. Kitambaa cha maji moto kilibaki mkononi mwangu.

"Ni upawa wa chuma," alisema akiutazama ukuta. "Mama wa kambo alinikuta natafuna firigisi ya baba. Nilikuwa na njaa, wifi. Kwanza aliuweka kwenye makaa. Mpaka leo siwezi kula nikitazamwa, na nikiona chakula nakificha. Huu mwili siutazami. Ndio ulionitia aibu. Ulitaka kula."

Mwanamke yule ni marehemu, na hasira kwa marehemu haina pa kwenda. Nikaipeleka mikononi. Nilimkanda kiuno, tumbo, mgongo, na kovu lenyewe, polepole, maji yakitiririka. Nilivyozidi kukanda ndivyo nilivyozidi kustaajabu. Mwili huu ulilala na njaa, ukachota maji na njaa, ukachomwa kwa sababu ya njaa, na bado ukakaa chini ukamtengeneza mtu, na kucha zake, na nyusi. Haukumpunguzia hata kidole. Nilitaka kumwambia hivyo; nikachota maji mengine.

Ndani mtoto akaanza kulia. Romana akageuka kutaka kuinuka, mara akasita.

"Wifi," alisema, "ni maji haya?"

Yalikuwa yanamshuka tumboni, meupe, kutoka matiti yote mawili, na hakuna aliyeyagusa. Mimi nimekanda wazazi wengi na nimeyaona maziwa mengi, lakini asubuhi ile nilipiga magoti kwenye matope ya bafu la makuti na kuogopa, kama mtu anavyoogopa kanisani.

"Maji hayana weupe huo," nikasema.

Akaweka kiganja kifuani, akainama, akajitazama. Alijitazama mwili wote, mpaka miguuni. Mtoto alilia, nami sikuwa na ubavu wa kumharakisha.

Tuliporudi ndani nilimpa Romana mtoto wake, nikaipasha moto firigisi na kumwekea mbele. Alikuwa ameishika wakati Melkior alipoingia kutoka shambani. Mkono ukaganda karibu na mdomo. Kaka yangu alimwona, akaona bakuli, kisha akavuta kigoda na kuketi karibu naye.

"Imeiva?" aliuliza.

Romana alimtazama usoni. Akang'ata, akatafuna taratibu mbele yetu sote.

"Ngumu kidogo," alisema, akameza. Kifuani, binti yake naye akameza.