Masizi kwenye Shati la Buhendwa

Honoré aliuawa kwa salamu. Alikuwa polisi kwenye kizuizi cha Kanyaruchinya, bunduki begani. Mtu akamjia akicheka, akamshika mkono wa kuume, wakagusana vichwa huku na huku kama tunavyosalimiana Goma, na kisu kikaingia kabla vichwa havijaachana. Walimkuta ameng'ang'ania kipande cha mkanda wa bunduki. Yenyewe ilikwisha kwenda.

Wakubwa wakasema aliiuza. Mjane wake hakupewa hata mbao za jeneza. Ndivyo walivyokuwa wale waasi waliojiita wakombozi, na sisi hatujasahau: walitugawia bunduki, wakatufundisha kumpiga adui aliye ng'ambo ya uwanja, basi. Aliye puani hawakusema lolote juu yake.

Buhendwa, rafiki yake, ndiye aliyepewa nafasi ile. Kisu alikiogopa, lakini kupoteza bunduki alikuogopa zaidi: angetupwa kwenye shimo la wafungwa, na mkewe Nabintu angeitwa mke wa msaliti.

Nyumbani, mtaa wa Katoyi, Nabintu akachukua mwiko wa bugali, akaupaka masizi ya sufuria.

"Papa Cédrick, mimi ni adui. Jichunge."

Buhendwa akapeleka mkono begani penye bunduki. Kabla mkanda haujateleza, doa jeusi likakaa tumboni.

"Umekufa."

"Ngoja, sikuwa tayari."

"Adui hangojaka. Tena!"

Akafa tena na tena, mpaka shati likafanana na la muuza makala. "Ungekuwa kuku," Nabintu akasema akicheka, "tungekuwa tumekwisha kukukula."

Mwishowe akaelewa kwamba bunduki sharti ingoje. Kwanza mkono wenye mwiko, aupige kando. Aondoke mbele yake, amsukume, aweke jiko katikati yao. Akishapata nafasi ndipo ageuze mtutu.

"Na salamu, Mama Cédrick?"

"Usipatie mutu mukono wenye unafyatua."

Tangu hapo akasalimu kwa kiganja kifuani. Majirani wakasema ameambukizwa majivuno ya waasi. Neno hilo lilimchoma, lakini kiganja hakukiondoa kifuani.

Januari ya elfu mbili na mbili volkano yetu Nyiragongo akateremka, moto ukaupasua mji. Wakubwa walitangulia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na magari yao. Sisi tulifuata na magodoro kichwani, kisha tukarudi tukikanyaga mawe yenye moto bado. Buhendwa akawekwa kulinda depo ya unga ya Mama Asumini, mfanyabiashara kutoka Maniema, iliyosalimika kando ya mawe yale. Mji mzima ulikuwa ukikumbatiana. Nani angemnyima mkono mtu aliyedhaniwa amekufa?

Mwanamume mwenye koti akaja amenyoosha mkono wa kuume.

"Muzee, uko muzima! Mungu mukubwa!"

Buhendwa akaweka kiganja kifuani.

"Unanikatalia salamu? Siku kama hii?"

Watu wakageuka. "Hawa mapolisi!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Hata volkano haikuwafundisha adabu!"

Aibu ikamshinda. Akatoa mkono, lakini akatoa wa kushoto. Watu wakaguna, hilo ni tusi. Mtu mwingine angelaani akaenda zake. Huyu hakukasirika hata kidogo. Alitazama mkanda tu, na mkono wake wa kushoto ukatoka ndani ya koti na kisu.

Mkono wa Buhendwa ulikuwa mbele tayari. Aliupiga ule wa kisu kando, akakatwa juu ya kifundo cha mkono, akamsukuma kwa bega lake lote, akaruka nyuma ya magunia ya unga. Hapo ndipo alipogeuza mtutu. Hakufyatua, nyuma ya yule mtu kulikuwa na wamama na watoto. Kisu kikaanguka. Mwizi akakimbilia kwenye mawe, ndara zikinuka kuungua.

Mama Asumini akamfunga jeraha kwa kitambaa chake cha kichwa. Komanda akafika.

"Bunduki iko wapi?"

"Iko, komanda."

"Bien, vizuri." Akaondoka. Damu hakuitazama.

Wiki iliyofuata Nabintu akaja kituoni na mwiko wake, na polisi wa zamu ya Buhendwa wakafa mmoja mmoja wakicheka. Asubuhi komanda akakagua mstari, akaona masizi matumboni, akawaadhibu wote kwa uchafu wa mavazi. Wakafua. Jioni Nabintu akarudi, na safari hii alikuwa na sufuria nzima yenye masizi.