Mtani Halii

Mama yangu alinibeba tumboni jukwaani hadi mwezi wa nane na hakuna aliyejua. Watu walidhani ni mto.

Ngoja nieleze, maana mtu akiisikia habari hii juu juu anacheka, na mimi nimechoka kuchekwa. Mama, Eufrazia, alikuwa mwimbaji wa vichekesho katika kikundi kilichoitwa Mbavu Zangu, kilichotumbuiza kwenye mabaa ya Temeke na Kinondoni na kwenye harusi za wenye nafasi zao. Sauti alikuwa nayo. Kwaya ya parokia yao kule Mahenge ilimlilia alipoondoka. Lakini alipofika mjini aligundua mapema kwamba mwanamke mnene mwenye sauti nzuri anapewa soda, na mwanamke mnene mwenye sauti nzuri anayevunjikiwa na kiti ndiye anayetunzwa. Basi akawa anavunjikiwa na kiti kila Jumamosi. Mpaka leo kiuno kinamuuma kwa ajili ya viti hivyo.

Mwenzake jukwaani alikuwa Kasimiri, Mngoni mrefu, mwembamba, mwenye kicheko kinachoanza kwa kukohoa, kama pikipiki inayogoma kuwaka. Mama ni Mpogoro. Wangoni na Wapogoro ni watani, kwa hiyo kutukanana kwao kulikuwa halali tangu enzi za mababu, na wao wakautia utani huo kwenye wimbo. Mama anaingia na mto chini ya gauni, anamkunja Kasimiri shati, anaimba kwamba mimba ni yake. Kasimiri anaruka, anakana, anataja watakatifu wote anaowajua. Halafu anawageukia watu na kuwauliza, "Mtoto wa mto, baba yake nani?" Na baa nzima inajibu, "Baba yake godoro!"

Wimbo ule ulitembea. Nilipoanza darasa la kwanza niliukuta shuleni unanisubiri. Watoto walijua mama yangu ni nani, kwa hiyo nikawa mtoto wa mto, na baba yangu godoro, na sikuwa na la kuwajibu, kwa sababu baba yangu kweli alikuwa yule anayeuliza swali.

Kasimiri alikuwa na mke wa ndoa ya kanisani, Monica, na watoto watatu. Kwetu Tandika hakunikana. Alikuja na viatu vya shule, akanikalisha pajani, akaniita "mama", maana jina hili la Avelina ni la mama yake mzazi na alinipa yeye mwenyewe. Alinikana jukwaani tu, kila Jumamosi, kwa vinanda na makofi. Nilimpenda na nilimchukia, vyote kwa pamoja, na mama nilimchukia kidogo zaidi kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu. Kicheko cha baba cha kukohoa nilikirithi. Ndiyo maana kwenye saluni ninakofanya kazi, Kinondoni, wateja wanasema Avelina ana roho ngumu, hacheki.

Figo zilipomshinda baba, mimi na mama tulikwenda kumwona hospitali saa ambazo Monica hayupo. Tulikaa naye kwenye benchi nje ya wodi, amevimba uso, pumzi inamkata.

"Nimeshaongea na mdogo wangu Augustine," akaniambia. "Siku yangu ikifika utasomwa kwenye wasifu pamoja na wenzako. Utakuwa wa nne. Na udongo utatia na wenzako."

"Acha hayo, baba."

"Siachi. Nimekukana mbele za watu, watu hao hao ndio watakaokusikia."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema jambo bila kulimalizia na kichekesho. Miaka yote nilikuwa najiambia sijali. Siku ile, kwenye benchi lile, nikagundua kwamba nilikuwa nataka jina langu lisomwe kuliko kitu kingine chochote duniani, nikaona aibu kwa jinsi nilivyolitaka.

Alikufa kabla mvua hazijaisha. Augustine alimpigia mama simu, na hata kwenye simu ya msiba hakuacha ada ya utani. "Mtumwa wangu, bwana wako kafa. Njoo Bunju ufanye kazi yako."

Mama akaenda kabatini akautoa mto.

"Mama, jamani," nikasema. "Nenda na khanga yako kama watu wengine. Ukakae chini, ulie."

"Mtani halii, Avelina."

"Nani kasema?"

"Nikilia wataniuliza nalia kama nani."

Tukaondoka, yeye na mto wake kwenye mfuko wa rambo, mimi na gauni jeusi.

Bunju, nyumbani kwa marehemu, tulikuta turubai limefungwa, viti vya plastiki vimejaa, na kinamama nyuma ya nyumba wanapambana na masufuria. Mama hakuvuka hata kizingiti kabla ya kuanza. Alitia mto tumboni, akavaa kofia ya marehemu iliyokuwa msumarini barazani, akatembea kwa mikogo yake ile ya kurusha goti. "Nani kawadanganya kafa? Mvivu huyu! Kasikia kuna shimo la kuchimba, kajilaza!" Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yanatiririka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na mama aliifanya vizuri kuliko yeyote niliyewahi kumwona. Monica alikuwa amekaa mkekani, kajitanda khanga mpaka machoni. Hakucheka wala hakumzuia.

Makaburini, kabla ya kushusha jeneza, Augustine akasimama na karatasi ya wasifu. Alisoma alikozaliwa kaka yake, alikobatizwa, na jinsi alivyolichekesha jiji. Nilikuwa nimesogea mbele.

"Marehemu ameacha mjane na watoto watatu," akasema Augustine. Akawataja. Kisha akasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, akaikunja karatasi.

Nilidhani amesahau. Kweli kabisa, kwa muda mfupi nilidhani kasahau, kwamba atajipiga kichwani na kuifungua tena. Nikamtazama usoni naye akanikwepa, akaanza kuwaelekeza vijana washike kamba. Hapo nikajua hakusahau.

Mama naye alikuwa amesikia. Kabla kamba hazijakaa sawa, yeye na tumbo lake wakaingia kaburini.

Watu wakashangilia. Hilo nalo ni la ada. Mtani akiingia kaburini hakuna wa kumkemea, maziko yanasimama, na hatoki mpaka wafiwa wamgomboe kwa chochote. Mtu mwingine akifanya hivyo atapigwa. Mama hakuwa na mlango mwingine wa kusemea, akatumia huo.

"Hashuki mtu!" akapiga kelele kutoka chini. "Hamjawataja wote!"

"Haya, mtani! Tuambie!"

"Kuna wa nne. Yule pale, Avelina, ana jina la bibi yake. Mpogoro gani anampa mwanawe jina la bibi wa Kingoni? Mtazameni miguu! Mtazameni masikio!"

Wakanitazama masikio, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hata katekista aliinama kuficha meno.

"Leo sitanii!" akasema mama.

Ndiyo wakazidi. Hakuna mtani asiyesema kwamba leo hatanii.

Nilimwona anavyogeuka huku na huku mle shimoni, anatafuta uso mmoja ulionyamaza. Halafu akaingiza mikono chini ya gauni, akauchomoa mto, akaurusha nje ukaangukia kwenye udongo mbichi. "Mto ndio huo!" akasema, na sauti ikampasuka. "Mto ni huo, na mtoto ni yule! Vitu viwili hivi! Viwili!"

Sijui ni nani aliyeanza. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nyuma, karibu na magari.

"Mtoto wa mto, baba yake nani?"

Makaburi yote yakajibu, wazee kwa watoto, "Baba yake godoro!" Na makofi.

Mama akalia. Miaka yote wamemwona akilia kwa kuigiza, mdomo umekwenda upande, pua imekunjwa, na kumbe ndivyo alivyolia kweli. Hakuwa na sura nyingine ya kulilia. Wakamshangilia. Bibi mmoja akamtania, "We mtani wewe, mtani halii!"

Niliruka yale mafungu ya udongo nikapiga magoti ukingoni, nikampa mkono. Hakuushika. Alikuwa anamtazama Monica, aliyekuwa amesimama kutoka kwenye benchi la wafiwa na anakuja, polepole, watu wanampisha. Alikuwa na noti mkononi. Akainama kando yangu, akambandika mama noti ile kwenye paji la uso, vilevile wanavyotunzwa waimbaji kwenye baa, na watu wakapiga vigelegele. Wao waliona mkono. Mimi nilisikia maneno.

"Najua, Eufrazia," Monica akamwambia. "Nilijua siku nilipoambiwa umemwita mtoto jina la mkwe wangu. Pokea utoke."

Mtani akishagombolewa, hana neno tena. Mama angeweza kuitupa ile noti. Lakini akiitupa si mtani tena, ni hawara aliyevamia kaburi la mume wa mtu, na mimi ni binti wa hawara huyo mbele ya umati ule. Alinitazama kana kwamba anataka nimwambie la kufanya. Hata mimi sikujua. Akaibandua noti, akaishika mkononi, akatoka.

Jeneza likashushwa. Augustine akaanza kuita watu watie udongo. Mjane. Watoto wa marehemu, wakaenda watatu, kila mmoja na konzi yake. Ndugu. Kisha akasema, "Watani wetu," na sasa akanitazama.

Mama akanishika mkono tukaenda. Kwa Wangoni mtoto ni wa baba. Mimi ni Mngoni, na hakuna Mngoni anayemzika Mngoni kama mtani, lakini nilichota udongo pamoja na Wapogoro nikamtupia baba yangu, nikasikia unavyogonga mbao.

Kijana aliyeshika koleo alinionea huruma. "Sista, nyie si watani? Mbona umenuna hivyo? Cheka basi, mzee aende vizuri."

Nikacheka. Kilitoka chenyewe, kikianza kwa kukohoa, na kilipoanza sikuweza kukizima.

Nyuma yangu mama mmoja akamwambia mwenzake, "Umesikia hicho kicheko? Kasimiri mtupu."

"Ah," mwenzake akajibu, "acha utani."