Sikio la Kulia

...na bado sijausikia ule mlio, nimelala chali ndani ya hiki chombo cha mazoezi ya kwenda angani, miguu juu, jicho kwenye mshale wa kipimo, sikio la kulia kwenye ukuta wa mbao, na Orville nyuma ya ukuta anapiga soga kwenye spika kama kawaida yake, "kahawa ya leo maji ya kuoshea vyombo, mkuu, halafu jana wamenibadilishia...", sijui wamembadilishia nini, nyamaza Orv, nyamaza nisikie, maana kazi yake ni kuniharibia chombo na yangu ni kukiokoa, anabonyeza swichi, roketi ndogo ya pembeni inakwama, chombo chenyewe hakitikisiki, mshale tu ndio unaohama, nami nina sekunde tatu za kukata mafuta... lakini swichi yake hulia, tik, kabla mshale haujahama, niliusikia mlio huo mara ya kwanza mwezi Machi, nikanyamaza kama mtu aliyeokota pochi njiani, na tangu siku hiyo sijakosa hata mara moja, wakubwa wakasema Haskins ana mikono ya ajabu, wakanipa kiti cha safari, Carl Nyquist wakamweka akiba, Carl ambaye sikio lake la kulia liliuawa na injini za ndege za kivita, hakuwahi kusikia tik yoyote, alikuwa anautazama mshale kwa macho yake, kwa haki, akachelewa nusu sekunde, nusu sekunde tu... "Umelala, Lowell?" Orv huyo kwenye spika, "Nipo, endelea," na jana kantini Carl akanipa mkono, "ukipita juu ya Ohio mpungie mama yangu, mwambie mwanawe amebaki kubeba mabegi," akacheka, nami nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka kweli... zimebaki siku tisa nirushwe, na kule juu hakuna Orville wala ukuta wa mbao, kitu kikiharibika kitaharibika kimyakimya, naogopa, nalisema humu kichwani tu, naogopa, hata mke wangu Arlene asubuhi alinikuta jikoni nimeinamisha kichwa, "unasikiliza nini wewe?", "friji," nikamjibu, akanitazama sana, "friji imekufa tangu Jumapili, Lowell"... nitamwambia Orv, leo, baada ya zoezi hili, hapana, nikisharudi, wote wakiwa na furaha, nani atajali wakati huo, mbona Orv kanyamaza, mbona swichi hailii... na mshale...

Mshale uko pembeni kabisa. Tangu lini?

"Sekunde kumi na moja, mkuu," anasema Orv kwa sauti ya chini, "umeshapinduka mara nne. Sikiliza, hizi swichi mpya za jana ni laini mno, bado sijazizoea, huenda nimebonyeza vibaya. Nifute tu, tuanze upya?"... ananipa njia ya kujiokoa, mtu mwema huyu, neno moja tu na kiti kinabaki changu, nami bado nimelala chali, miguu juu, mshale umekwama palepale, na sasa ndio naona kwamba miezi yote hii sijawahi kujifunza kuutazama, Carl saa hizi yuko ng'ambo ya barabara anakula mayai yake, bado hajui, kidole changu kiko kwenye kitufe cha kuongea...

"Usifute," nasema. "Andika kama ilivyo, Orv. Halafu mwite Carl, nina jambo la kuwaambia nyote wawili."