Plasta Kwenye Kioo cha Kompyuta

"Sindano gani ilimdhuru mara ile?" Daktari aliuliza kwa mara ya tatu dirishani, na karani wa zahanati akabonyeza tena vitufe vya kompyuta. Ndani, mzee alilala hajitambui, anahema kwa shida. Binti yake alikuwa ameng'ang'ania nondo za dirisha. "Dada, uliandika wewe mwenyewe, hapo hapo, nikikuona!"

Kweli aliandika. Ila asubuhi hiyo, bila kumwuliza mtu, alikuwa ameweka toleo jipya la programu ya mafaili, ile ya bure, na tangu hapo kioo cha kompyuta kilikuwa cheupe pe. Wagonjwa elfu mbili, jamani, hata mmoja hayupo!

Akapiga namba ya mwenye programu.

"Programu yenu inatuulia mtu!" alifoka, hata salamu hakutoa.

"Yetu na nani, dada yangu?" mwanamume alijibu, nyuma yake watoto wakiimba mbili mara mbili. "Niko peke yangu. Mimi mwalimu wa hesabu. Niliitengenezea zahanati ya mama yangu, nikaona si vibaya na wengine waitumie."

"Kwa hiyo kwa kuwa hatukulipa, tufe?"

Watu bwana! Tukipewa bure, twataka na kubebewa hadi nyumbani.

"Sijasema hivyo." Mlango ulifungwa, kelele zikapungua. "Ninachowiwa na wewe ni ukweli tu, na niliuandika: toa nakala ya mafaili kabla ya kuweka toleo jipya. Tena inakukumbusha kila siku. Tazama pembeni chini, kisanduku cha njano kinasemaje?"

Karani alitazama. Hapo palikuwa na plasta, ya kufungia vidonda, aliyoibandika mwenyewe. Kile kisanduku kilimkera, kila asubuhi kinamsimanga kama mama mkwe. Wenzake walicheka siku ile, naye akacheka kuliko wote.

Akaibandua kwa kucha. "Siku mia nne na kumi na mbili bila nakala," alisoma.

"Bonyeza hapo, itarudi nakala ya mwisho. Sikati simu."

Majina yakaanza kurudi, moja moja, kisha kwa mamia. Karani alilia kwa furaha. Akaandika jina la mzee, faili likafunguka. *Dawa zinazomdhuru: hakuna.*

Mzee alidhurika miezi kumi iliyopita.

"Limepatikana!" binti alipiga kelele. "Daktari, limepatikana!"

Daktari alikuja mbio, sindano tayari mkononi. "Linasemaje?"

Lo, ingekuwa rahisi kusoma tu kilichoandikwa.

"Linasema hakuna," karani alisema. "Usiliamini. Ni la zamani. Nilionywa kila siku, nikafunika onyo kwa plasta."

Binti aliachia nondo.

"Basi tunabahatisha," daktari alisema, akarudi wodini.

Mezani simu ilikuwa bado wazi. "Dada?" mwalimu aliita. "Dada, nipo."